Kiberiti Kinapolia Mlangoni kwa Mama Viraka

Saa mbili asubuhi, mtoto wa kwanza ameshalala kwenye kiti, na miguu yake haifiki hata nusu ya kiti chenyewe. Macho ameyakaza darini, ambako imebandikwa picha ya mbuzi anayeendesha baiskeli.

"Mbuzi anakwenda wapi?" anauliza mwanamke aliyeinama juu yake.

"O-o-i," anajibu mtoto, kwa sababu mdomo umejaa pamba.

"Sokoni? Haya, mwache aende. Sisi tumalize kazi yetu kabla hajarudi."

Mwanamke huyo ni tabibu wa meno katika kituo cha afya, na watoto wanamwita Mama Viraka. Mkono wake wa kulia umevaa glavu safi, na kidole cha shahada amekiinua juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Hakigusi kitu. Kidole kama hicho cha mkono wa kushoto kimefungwa mpira mwembamba wa kijani, ule wa kufungia mifuko. Wageni wanaoingia chumbani humo hudhani amejikata. Wenyeji wanajua kuwa vidole hivyo viwili havipaswi kukutana, na kwamba ukimpa kitu kwenye mkono usiohusika utasemwa mpaka ujute.

Amechanganya saruji nyeupe ya meno kwenye kipande cha karatasi, amelijaza tundu la jino, na sasa kidole kile safi kinashuka na kukandamiza. Ndipo kutoka benchi la nje inaposikika sauti ndogo kavu. Chaka. Chaka chaka.

Ni kiberiti kinachotikiswa, na ndani yake kuna kitu kimoja tu.

Mama Viraka hainui kichwa, ila mabega yake yanakakamaa. "Nani huyo?" anauliza.

"Ni sisi, mwanangu!" inajibu sauti ya mwanamke mzee. "Bibi Chiriku na Chiriku mwenyewe. Tumekuletea kitu."

"Chiriku, hujambo?"

Chiriku hajibu. Amesimama kwenye kizingiti, msichana wa miaka saba aliyevaa sare ya shule. Kiberiti kiko mkononi, na midomo ameifumba kabisa.

"Roho iliniruka," Mama Viraka atasema baadaye. "Mtoto yule akinyamaza, mimi najua kuna msiba."

Lakini saruji ikishawekwa haimngoji mtu, na kidole hakiwezi kutoka kabla haijashika. Kwa hiyo anaendelea kukandamiza jino la mtoto wa watu huku macho yakiibia mlangoni. Ili kuelewa kwa nini kiberiti tu cha dukani kinaweza kumtia jasho mama mzima mwenye wajukuu, ni lazima turudi nyuma kidogo.

Kwa miaka mingi kabla ya kuitwa Mama Viraka, kazi yake ilikuwa kushika vichwa. Daktari wa meno wa kituo aling'oa, na yeye alishika. Mtoto alipoletwa na jino lililooza, hapakuwa na mjadala mrefu. Koleo liliingia na jino likatoka, na yeye ndiye aliyembana mtoto asifurukute.

"Nilikuwa nikipita dukani, nasikia mama anamwambia mwanawe, 'Ukiendelea kulia nitamwita yule pale,'" anasimulia. "Yule mwenyewe ndiye mimi! Watoto wakiniona wanajificha nyuma ya magunia. Nikirudi nyumbani nalia kuliko wao."

Kisha ikaja dawa. Ukiiona kwenye chupa yake ndogo utadhani ni maji tu. Tone moja likipakwa kwenye sehemu iliyooza, uozo unasimama, na pale palipokuwa laini panakuwa pagumu. Haihitaji sindano, wala ile mashine inayolia kama nyuki kichwani. Mama Viraka alihudhuria mafunzo, akarudi amevimba kichwa kwa furaha, akakipigania kiti cha watoto mpaka akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mafagio.

Dawa hiyo ina kasoro moja. Mahali penye uozo panageuka peusi tii, na hapaoshwi wala hapasuguliki.

Aliwaeleza wazazi, wakaitikia kwa vichwa, na walipouona weusi wenyewe wakasahau kabisa kwamba walielezwa. Mama mmoja alirudi amefura kwa hasira, mtoto mgongoni. "Nilikuletea jino bovu," alisema, "umenirudishia kipande cha mkaa."

Wengine walikuja na swali ambalo tabibu huyu amelisikia mara nyingi kuliko jina lake: si ya maziwa tu hayo, si yatang'oka yenyewe?

"Na mimi nawauliza, nguo za mtoto si zitambana mwakani? Mbona humwachi atembee uchi?" Anacheka mwenyewe, kisha anakuwa mkali kidogo. "Jino la maziwa linalishikia nafasi jino la ukubwani. Na mtoto anayeumwa hali, halali, wala hamsikilizi mwalimu. Miaka miwili ya mtoto si kitu cha kutupa."

Akaamua kuziba. Dawa ikishafanya kazi yake, juu yake angeweka saruji nyeupe ya meno, tundu lijae na weusi ufichike. Vitabu vya mafunzo vilisema inawezekana. Akaanza kwa madaha, mtoto mmoja baada ya mwingine.

Na viraka vikaanza kudondoka.

Havikuvunjika. Vilibanduka vizima, kama kifungo kilichokatika uzi. Kimoja kilitoka mtoto akila mkate, kingine akipiga mluzi, na mmoja alikimeza na mama yake akaja mbio akiuliza kama atakufa. Hesabu aliyoifanya yeye mwenyewe ilimkatisha tamaa: katika kila watoto kumi, sita walirudi kabla ya mwezi kwisha. Hapo ndipo mtu mmoja mwenye ulimi alipombatiza Mama Viraka, na hakuwa akimsifu.

Badala ya kujificha, aliwaomba wazazi jambo la ajabu. Kiraka kikitoka, wasikitupe. Wakitie kwenye kiberiti, wamletee.

"Nilitaka kukiona mgongo," anaeleza. "Upande uliokuwa umelala kwenye jino. Kama kimetoka na chembe nyeusi za jino, maana yake kilishika ila jino lenyewe ndilo lililokatika. Lakini kama mgongo wake ni mweupe, basi hakikuwahi kushika kabisa. Kilikaa pale kama mgeni aliyeegemea mlango."

Viberiti vikaja kila asubuhi, chaka chaka chaka, foleni nzima. Alivifungua kimoja kimoja, na kila mgongo aliougeuza ulikuwa mweupe kama karatasi.

Daktari mkuu wa meno si mtu mbaya, ila ni mtu wa kusema lililopo. Jioni moja aliingia stoo ile ya zamani, akaviona viberiti vimepangwa dirishani, akavuta kigoda.

"Mama, mimi koleo langu halijawahi kurudishiwa mteja," alimwambia.

"Najua, Daktari."

"Foleni yako ina watoto wale wale. Wapya hawaingii. Tungoje mpaka shule zifunge. Viraka vikiendelea kudondoka, kiti hiki kinarudi kwenye kung'oa."

"Na mimi?"

"Wewe utarudi kunishikia vichwa."

Anasema usiku huo mumewe alimuuliza mara tatu kama analia, na mara zote tatu alijibu kwamba ni vitunguu.

Chiriku alikuwa miongoni mwa watoto hao wa kurudi rudi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Hakuwa ametimiza miaka mitano, lakini alikuwa akiongea tangu anapoamka hadi usingizi unapomnyang'anya neno katikati. Bibi yake, anayemlea, anasema hata kuku wa nyumbani walikuwa wakimkimbia.

Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameoza. Mama Viraka aliyapaka dawa na maumivu yakaisha. Wiki ile ile, shuleni wakaanza kumwita Mkaa.

"Akanyamaza," anasema bibi huyo, na hata leo sauti yake inakwaruza anapolisema. "Mtoto aliyekuwa akinimaliza masikio! Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Akitaka maji ananyoosha kidole. Nikamwambia yule tabibu, mwanangu, bora angekuwa anaumwa na kelele zake ziwepo."

Meno yakazibwa, Chiriku akajiangalia kwenye kioo, akaongea kutwa nzima. Siku ya nne akaamka kiraka kimoja kiko kwenye mto. Kikazibwa tena, kikatoka. Mara ya tatu vilitoka vyote viwili, kimoja darasani mbele ya wale wale waliompa jina.

Bibi alikuja na kiberiti na maneno yake tayari. "Sikia, mwanangu. Nakuheshimu. Lakini mimi nimechoka kumpa mtoto furaha ya siku tatu. Yang'oe tu, tujue moja."

Mama Viraka alimgeukia mtoto, akatumia maneno yote aliyonayo ya kumtoa nyoka pangoni. Chiriku aliangalia mbuzi wake darini. Mwishowe, kiganja kikiwa bado mdomoni, alisema kitu kwa sauti ya chini sana.

"Kilikuwa kinateleza."

"Nini kilikuwa kinateleza, mama?"

"Kiraka. Nilikigusa na ulimi. Kinateleza kama midomo yangu ukinipaka."

Tabibu alikichukua kiraka, akaenda kwenye sinki, akakigeuza mgongo na kukidondoshea tone la maji. Maji hayakutandaa. Yalijikusanya kuwa kijidonge, yakabiringika, yakaanguka, kama yanavyofanya kwenye sahani iliyooshwa bila sabuni.

Akauangalia mkono wake wa kulia, na hapo ndipo alipoona kila kitu.

Dawa ile haigeuzi rangi ya meno tu. Ikigusa ngozi inaacha doa la kahawia linalokaa siku kadhaa, na wazazi walishalalamika kuhusu watoto waliotoka na madoa midomoni. Yeye, kwa huruma yake, alikuwa hamwachi mtoto yeyote akae kitini bila kumpaka mafuta ya mgando kwenye midomo na ufizi. Alichovya kidole, akampaka mtoto kwa upole huku akimuuliza habari za mbuzi. Ikawa mazoea, siku ya dawa na siku ya kuziba, iwe inahitajika au haihitajiki. Kisha kwa kidole kile kile alilishika jino kuliangalia, akaweka saruji, akakandamiza.

"Nilikuwa nayapaka meno mafuta mimi mwenyewe!" anasema, na hadi leo anajipiga paji la uso. "Kwa mapenzi! Ningekuwa katili kidogo, vingeshika."

Alitoka mbio na kopo la mafuta mkononi hadi kwa Daktari, ambaye alikuwa akinywa chai. Aliposikia, aliweka kikombe chini na wala hakucheka. Alitoa bakuli lake la meno yaliyong'olewa, akafunga mlango, na wawili hao wakakaa mpaka giza likaingia, kama watoto wanaocheza udongo. Meno mengine waliyasugua safi, mengine wakayapitishia kidole chenye mafuta kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Yote walikuwa wameyapaka dawa kwanza, na mwisho wakayaziba.

Kesho yake Daktari alipitisha ukucha. Viraka vya upande wa mafuta viliruka kimoja kimoja, tiki, tiki, mpaka kimoja kikamgonga miwani. Vya upande mwingine alivisukuma kwa ukucha, akavisukuma kwa kalamu, mwishowe akachukua chombo cha chuma. Havikwenda popote.

"Mama," alisema, "kwa hili nakuongezea muhula mmoja."

"Nilitamani kumkumbatia," anakiri Mama Viraka, "lakini yule ni mkubwa wangu kazini, na mikono yangu ilikuwa na mafuta."

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Siku ya dawa ni siku ya dawa, na mafuta ya midomo yanapakwa kwa kidole cha kushoto chenye mpira wa kijani. Kuziba kunafanywa siku nyingine, wiki mbili mbele, weusi ukiwa umeshatulia. Siku hiyo jino linaoshwa kwa maji, linasuguliwa kwa asidi nyepesi ya kulitayarisha, linaoshwa tena na kukaushwa kwa pamba. Anakausha kwa kiasi. Jino likikauka mno halishiki, likibaki na mate halishiki. Mafuta yanaruhusiwa kurudi mwisho kabisa, juu ya kiraka kilichokwisha kushika, ili mate yasikiharibu kabla hakijakomaa.

"Mafuta ni kitu kizuri," anasema. "Tatizo lake lilikuwa kuwahi kufika."

Chiriku alizibwa kwa mara ya nne bibi yake akiwa amekunja mikono na amekunja uso. Mama Viraka anasema wakati ule kidole kikikandamiza, aliomba dua zote anazozijua. Kisha akaanza kungoja.

Kila asubuhi alifika akilisikilizia benchi. Wiki ya kwanza viberiti vilikuwepo, vya watoto wa zamani. Wiki zilivyosonga vikapungua. Siku moja aligundua kuwa foleni imejaa sura asizozijua, na hakuna anayetikisa kitu. Shule zilipofunga, kati ya watoto kumi aliowaziba kwa utaratibu mpya, alirudi mmoja tu, naye alikuwa amejaribu kufungua chupa ya soda kwa meno. Hakuna aliyetaja tena kurudisha kiti kwenye kung'oa. Daktari mwenyewe alimleta mjukuu wake, akakaa kwenye benchi kama mzazi mwingine yeyote.

Na Chiriku hakuonekana. Habari zake zilifika kwa njia ya watu: kwamba mwalimu amemhamisha dawati mara mbili kwa kuongea, kwamba anawasimulia wenzake visa ambavyo havijawahi kutokea, kwamba jina la Mkaa limekufa na hakuna aliyelizika. Mama Viraka alitosheka na hizo. Lakini kila alipopita mtaani na kuona mtoto amefumba mdomo, aligeuka kuhakikisha kwamba si yeye.

Sasa imetimia miaka miwili na kitu, na Chiriku yuko mlangoni, midomo imefumbwa, kiberiti mkononi.

Saruji imeshika. Mtoto wa kwanza anatelezeshwa kutoka kitini, anaagana na mbuzi, anapita. Mama Viraka anavua glavu taratibu kuliko kawaida.

"Kimetoka lini?" anauliza.

Bibi anatazama dari, anamtazama mbuzi, anatazama popote isipokuwa usoni kwa tabibu. "Jana. Akila."

"Kimoja au vyote?"

"Kimoja. Fungua uone, mwanangu, mimi macho yangu hayaoni vizuri."

Chiriku anamkabidhi kiberiti kwa mikono miwili. Mama Viraka anakisukuma kwa kidole gumba, kidroo kinatoka, na humo juu ya pamba kidogo kuna kitu ambacho anakitazama kwa muda bila kukielewa.

Ni jino zima, dogo, jembamba, mzizi umekwisha kama inavyopasa jino la maziwa linaloondoka kwa wakati wake. Juu yake, mahali pale pale kilipowekwa, kimekaa kiraka cheupe. Ukiligeuza upande unauona mstari mwembamba mweusi katikati, dawa na saruji zikiwa bado zimekumbatiana.

Anapitisha ukucha kwenye ukingo. Anausukuma. Anausukuma tena kwa nguvu. Kiraka hakiendi popote.

Hapo Chiriku anashindwa kujizuia. Mdomo unafunguka wote, na mbele kuna pengo kubwa, pembeni yake jino la pili lenye kiraka chake likicheza cheza, na juu ya pengo ncha ya jino jipya, jeupe kabisa, imeshaanza kuchungulia.

"Tulikuweza!" anapiga kelele. "Bibi alisema ninyamaze na mimi nikanyamaza njia nzima, toka nyumbani, hata mwenye duka aliponisalimia sikumjibu, na hili lingine linacheza, angalia, angalia, mwalimu alisema nisiliguse na mimi naligusa..."

"Miaka yangu yote sijawahi kumnyamazisha kwa muda mrefu hivi," anasema bibi, anacheka mpaka anashika ukuta. "Ilibidi nimhonge."

Mama Viraka anakaa kwenye kigoda. Analia na kucheka kwa pamoja, bila aibu, mbele ya foleni nzima. Daktari anakuja kuuliza kuna nini, analichukua jino, anapitisha ukucha wake mwenyewe, anatikisa kichwa. "Kiraka kimedumu mpaka mwisho wa jino," anasema. "Hakikudondoka. Kimeondoka nalo."

Mwezi ujao matabibu wa vituo vya jirani wanakuja kujifunza kwenye chumba hiki kilichokuwa stoo ya mafagio. Mama Viraka ameshanunua mipira ya kijani ya kutosha vidole vya wote. Jino lile angependa kuwaonyesha, lakini mwenyewe amekataa kuliacha.

"Ni langu," anasema Chiriku. "Hili lingine likitoka nitakuletea. Hilo utakaa nalo."

"Lisije likatoka bila kiraka chake."

"Haliwezi," anajibu mtoto, kwa uhakika wa fundi.

Anakirudisha kidroo mahali pake, anaanza kuondoka akirukaruka, na kiberiti kinalia kwa kila hatua, chaka, chaka. Ni sauti ile ile. Mama Viraka, ambaye ameshavaa glavu mpya na kufunga mpira wake kwenye kidole cha kushoto, anamwita kabla hajafika nje.

"Chiriku! Hebu tikisa tena, nisikie."